Je, Wajua? Wivu Una Watu Watatu, Husuda Ina Wawili

Je, wajua kwamba yale maandishi ya nyuma ya daladala na bajaji, "Wenye wivu wajinyonge", yanawagombeza watu wasiohusika? Mwenye chombo hakumkusudia mume anayemchunga mkewe. Alimkusudia jirani aliyenuna siku gari lilipoingia mtaani. Jirani huyo ana jina lake kwa Kiswahili: hasidi. Na kinachomsumbua si wivu, ni husuda.

Je, wajua kwamba tofauti ya hayo mawili inahesabika kwa vidole? Husuda ina watu wawili: mimi, na wewe mwenye kitu nisicho nacho. Wivu una watatu: mimi, ninayempenda, na yule ninayehofia atanipokonya. Melanie Klein, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi London, aliieleza hesabu hiyo mwaka 1957 katika kitabu chake kuhusu husuda na shukrani. Mwenye wivu anacho, anaogopa kukikosa. Hasidi hana, na kinachomuuma ni kwamba mwenzake anacho.

Je, wajua kwamba sentensi fupi kama "Anamwonea wivu Rehema" ina maana mbili zinazokinzana? Kama anayesemwa ni mume wa Rehema, basi Rehema ndiye anayependwa, anayechungwa, ambaye simu yake inapekuliwa akilala. Kama anayesemwa ni shoga yake wa ofisini aliyekikosa cheo alichokipata Rehema, basi Rehema ndiye anayechukiwa. Kitenzi kile kile, jina lile lile, lakini nyumba moja kuna mapenzi yaliyopitiliza na nyingine hakuna mapenzi kabisa. Ukisema "anamhusudu Rehema", nusu ya ukungu inaondoka. Nusu tu, na sababu yake inakuja.

Je, wajua kwamba Kiswahili hakikuwahi kuwa na njaa ya maneno katika jambo hili? Kuna kijicho. Kuna gere, neno ambalo Mwarabu akilisikia atalikumbuka neno lake ghira. Kuna ngoa, na mtu akizidiwa husemwa analia ngoa. Kuna donge, lile linalokwama kooni mwenzio anapotajwa kwa sifa. Kuna kijiba cha roho. Leo yote hayo yamemezwa na neno moja, wivu, kana kwamba tumeishiwa, na mimi naona ni hasara.

Je, wajua kwamba tafsiri bora ya husuda haimo kwenye kamusi yoyote, imo mitaani? Ni "roho ya kwa nini". Hasidi ana swali moja tu: kwa nini yeye? Haulizi "nami nitapata lini?", wala "aliwezaje?". Angeuliza hivyo angekuwa ameshaanza kupona. "Roho ya korosho" ni jirani yake lakini si ndugu yake: mwenye roho ya korosho anaweza kuwa na kila kitu na bado akakunyima.

Je, wajua kwamba kuhusudu kunaweza kuwa sifa? Sikiliza watu wakizungumza mpira: "Namhusudu sana yule kiungo." Hakuna anayemwombea kiungo avunjike mguu. Maana yake ni kumstaajabia, kutamani kuwa kama yeye. Ndiyo nusu ya ukungu iliyobaki: kitenzi kile kile kinabeba sumu na kinabeba heshima, na msikilizaji anaachiwa atambue kwa sauti na kwa uso.

Na hilo si uzembe wa vijana. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) anaeleza kuwa husuda haifai isipokuwa kwa watu wawili: aliyejaaliwa mali akaitumia katika haki, na aliyejaaliwa hekima akahukumu kwayo na kuifundisha. Wanazuoni walipolisoma neno hasad mahali hapo waliona haliwezi kuwa lile lile linalokemewa kwingine. Wakasema hapa limekusudiwa ghibta: kutamani upate mfano wa alichonacho mwenzio bila kutamani kimtoke.

Je, wajua kwamba ghibta ina jina la Kitanzania? "Wivu wa maendeleo." Unamwona mwenzako kaezeka bati, nawe unaanza kufyatua matofali. Neno wivu limekosewa hapo pia, maana hakuna mpenzi wala mnyang'anyi, lakini maana imefika.

Je, wajua kwamba Waholanzi wana maneno mawili pale ambapo sisi tunalazimisha moja? Benijden ni ile ya kukupandisha juu, afgunst ni ile ya kutaka mwenzio ashuke. Niels van de Ven na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Tilburg waliwauliza Waholanzi kuhusu hisia hizo, kisha wakaenda kwa Wamarekani na Wahispania, ambao kwa kawaida hutumia neno moja. Majibu yao waliyoyachapisha mwaka 2009 yanafurahisha: wenye neno moja nao waligawanyika makundi mawili yale yale. Kumbe moyo unajua tofauti hata ulimi usipokuwa na jina lake.

Watafiti hao hao walirudi mwaka 2011 na simu. Watu waliofanywa wamwonee mwenye iPhone ile husuda njema walikuwa tayari kulipa zaidi ili nao wapate iPhone. Waliofanywa wamwonee husuda chafu, kwa mtu aliyeonekana hakustahili kuwa nayo, walivutwa zaidi na BlackBerry. Wenye matangazo ya biashara bila shaka walisoma.

Je, wajua namna wivu na husuda vinavyoonjeka tofauti kifuani? Gerrod Parrott na Richard Smith waliwachunguza watu nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Wivu ulikuja na hofu ya kupoteza, wasiwasi, kutoaminiana, hasira ya kusalitiwa. Husuda ilikuja na kujiona duni, kutamani, kinyongo, na juu ya hayo kujilaumu kwa kuwa na hisia yenyewe. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema hadharani, hata kwa majivuno, "mimi nina wivu sana na mume wangu". Hujamsikia akisema "mimi ni hasidi sana". Husuda haina mwenyewe.

Je, wajua kwamba Aristotle alishaeleza kwa nini hatumhusudu bilionea? Katika kitabu cha pili cha utungo wake juu ya ufasaha wa kuhutubia, alisema tunawahusudu walio karibu nasi kwa umri, ukoo, mahali na hadhi. Muuza mitumba wa Karume hamfikirii tajiri wa dunia anayeishi Marekani. Anamfikiria wa meza ya pili, waliyefungua naye marobota siku moja, ambaye leo ana fremu. Aristotle pia alitenga husuda na ile hamu ya kufikia walipofika wengine, akaisifu ya pili. Ghibta kwa Kigiriki, ukipenda.

Je, wajua kwamba kijicho ni jicho? Neno limeundwa kutokana na jicho lenyewe, likapunguzwa kuwa dogo na baya. Warumi waliita husuda invidia, kutokana na kitenzi cha kumtazama mtu kwa ubaya. Warusi huiita zavist, na ndani yake kuna shina la kale la kuona. Wachina husema mtu macho yake yamekuwa mekundu. Watu hawa hawakukutana wakakubaliana. Husuda huingilia machoni: kitu usichokiona hukihusudu.

Ndiyo maana pwani ukimsifia mtoto mchanga unatarajiwa kuitanguliza "mashallah", na ndiyo maana mtoto huyo anaweza kupakwa wanja usoni ili jicho lishike doa lisimshike yeye. Uturuki wanatundika shanga ya buluu yenye umbo la jicho. Na Dante, mshairi wa Italia wa karne ya 14, alipowapangia mahasidi adhabu yao toharani, hakuwachoma moto. Aliwashona kope kwa waya wa chuma.

Je, wajua kwamba husuda imo katika zile dhambi kuu saba za mapokeo ya Kikatoliki, na wivu haumo?

Je, wajua kwamba sura ya 113 ya Qur'ani, Al-Falaq, yenye aya 5, inafunga kwa kuomba kinga dhidi ya hasidi? Wengi tumeihifadhi tangu chuoni. Kinga inayoombwa pale ni dhidi ya shari ya mtu anayetazama neema ya mwenzake kwa chuki. Mwenye wivu hakutajwa. Yeye ana kisa chake kwenye hadithi: mmoja wa wake wa Mtume, ambaye wanazuoni wanamtaja kuwa Bi Aisha, aliupiga mkono wa mtumishi aliyeleta chakula kutoka nyumba ya mke mwenzake, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume alikusanya vipande na chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yenu ameingiwa na ghira, kisha akatoa sahani nzima mahali pa iliyovunjika. Hakuiita husuda. Wake wenza, mume mmoja: watu watatu.

Je, wajua kwamba watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version walifanya kazi ambayo Kigiriki hakikuwafanyia? Kutoka 20:5 inasema Mungu ana wivu. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, inasema upendo hauna tabia hiyo. Katika Agano la Kale la Kigiriki na katika barua ya Paulo, maneno ya pande zote mbili yanatoka shina moja, lile lililotoa zelos. Msomaji mkorofi angeuliza: kama Mungu ni upendo, na upendo hauoni wivu, basi mbona Yeye anaona? Watafsiri walimkata kauli mapema. Kule waliweka wivu, huku wakaweka kuhusudu. Mungu analinda agano lake na watu wake dhidi ya miungu mingine, na hapo tena hesabu ni pande tatu. Upendo haumkodolei mtu macho kwa alichopewa. Sijui kama waumini wanaosikiliza sura hiyo harusini huliona hilo, lakini ni ufundi wa kupigiwa saluti.

Kiebrania nacho kina shina moja tu. Limetumika kwa wivu wa Mungu, kwa Raheli alipomwona Lea anazaa naye hazai, na kwa kaka zake Yusufu. Katika Hesabu sura ya 5 shina hilo limeingia hadi sadakani: mume aliyeshikwa na roho ya wivu bila shahidi alimpeleka mkewe kwa kuhani pamoja na unga wa shayiri usiotiwa mafuta, na mke akanyweshwa maji machungu. Pilato yeye hakupata shida ya kuchambua. Marko 15:10 inasema alitambua kwamba makuhani wakuu walimleta Yesu kwa husuda.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alizitafsiri hisia zote mbili, kila moja kwa tamthilia yake? Juliasi Kaizari, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963, ina Antonio anayesimama mwishoni juu ya maiti ya Bruto na kusema kwamba wale wengine wote walimuua Kaizari kwa kumhusudu, isipokuwa huyu. Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, ina Portia anayeuaga wivu na hofu zake mara mchumba wake anaposimama mbele ya kijaluba sahihi. Shakespeare aliupa wivu macho ya kijani katika tamthilia hiyo, miaka kadhaa kabla ya kuurudia mchezo huo ndani ya Othello, ambako ndiko Waingereza wengi wanadhani ulizaliwa.

Na Othello yenyewe inasomwa vibaya. Kila mtu anaijua kama tamthilia ya wivu. Lakini anayeuwasha ule wivu ni Iago, na Iago anaungua kwa sababu cheo alichokitaka kapewa Cassio. Husuda ya mmoja inapanda wivu kwa mwingine, na mwanamke asiye na hatia anakufa kitandani.

Je, wajua kwamba jina hilo limeingia hospitalini? Mwaka 1955 madaktari John Todd na Kenneth Dewhurst waliandika juu ya wagonjwa wanaoamini pasipo ushahidi wowote kwamba wenzi wao wanawasaliti, wakaiita hali hiyo kwa jina la Othello. Mgonjwa wa aina hii hatulizwi na kiapo wala ushahidi. Akiukosa ushahidi, ndiyo kwanza anasema umefichwa vizuri.

Je, wajua kwamba lugha ya polisi na magazeti imelazimika kuongeza neno ili wivu ueleweke? "Chanzo cha mauaji ni wivu wa kimapenzi." Bila hilo "kimapenzi" msomaji angedhani ni ugomvi wa mashamba. Ni ufafanuzi mzuri wa maana, lakini una kasoro yake, nami sipendi ninapousoma. Unamfanya aliyeua aonekane alizidiwa na mapenzi. Sheria za Tanzania na Kenya zina kigezo kikali kuliko vichwa vya habari. Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili zinaweza kushusha mauaji ya kukusudia kuwa ya kutokusudia kwa sababu ya kukasirishwa, lakini zinataka kitendo kiwe cha ghafla na muuaji awe hajapata muda wa kupoa. Aliyelala na panga chini ya kitanda siku tatu akisubiri hana pa kujificha humo.

Je, wajua kwamba kichanga anaona wivu? Augustino, askofu aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, aliandika katika Maungamo yake kwamba alimwona mtoto asiyejua hata kusema akimtazama kwa uchungu mwenzake wa titi moja. Charles Darwin aliandika mwaka 1877 kwamba mwanawe, akiwa na miezi 15 na nusu, alionyesha wivu dhahiri baba yake alipobembeleza mwanasesere mkubwa. Mwaka 2002, Sybil Hart na Heather Carrington walilijaribu jambo hilo kwa watoto wa miezi 6: mama akishughulika na mwanasesere mwenye sura ya mtoto, wanakasirika kuliko akishughulika na kitabu. Miaka 125 imepita, na mwanasesere bado ndiye mgomvi.

Na mbwa? Christine Harris na Caroline Prouvost waliwajaribu mbwa 36 na kuchapisha mwaka 2014. Mwenye mbwa alicheza na mbwa wa bandia anayebweka, kisha na ndoo yenye sura, kisha akasoma kitabu kwa sauti. Kwa yule wa bandia mbwa wengi walisukuma, baadhi wakajipenyeza katikati, wengine wakajaribu kumng'ata. Wivu kamili: mimi, bosi, na huyu mgeni.

Kima wanafaa kwa upande wa pili, ingawa si kila mtaalamu anakubali kuiita husuda. Sarah Brosnan na Frans de Waal waliandika mwaka 2003 juu ya kima wa Amerika ya Kusini waliozoea kulipwa kipande cha tango kwa kazi ndogo. Tango lilikuwa tamu hadi kima wa pembeni alipolipwa zabibu. Baada ya hapo lilikataliwa, na mara nyingine lilirushwa nje.

Je, wajua kinachotokea ubongoni? Hidehiko Takahashi na wenzake wa Japani waliwapima watu 19, mwaka 2009. Walipomfikiria mtu aliyewazidi kwa mambo wanayoyathamini, eneo linalohusika pia na maumivu lilichangamka. Walipoambiwa mtu yule kapatwa na balaa, likachangamka eneo la raha. Waliochangamka zaidi kwa maumivu walichangamka zaidi kwa raha. Mlimjua jirani wa aina hiyo kabla mashine haijavumbuliwa.

Darwin, kwa upande wake, aliandika mwaka 1872 kwamba ni shaka kama hisia za namna ya wivu na husuda zina sura moja maalumu usoni. Hofu inayo, hasira inayo. Hasidi anaweza kukupigia makofi.

Je, wajua kwamba Wafaransa wana dirisha liitwalo wivu? Jalousie ni hisia, na ni yale mabamba membamba ya mbao yaliyolazwa mshazari dirishani, ya kumwezesha aliye ndani aone nje bila kuonekana.

Na ukialikwa chakula na Wachina, jihadhari na chupa ya siki. Kwao "kula siki" ni kuona wivu wa mapenzi. Yale macho mekundu ni husuda, siki ni wivu, na hawavichanganyi. Ukimwuliza bwana wa nyumba mbele ya mkewe kama yeye ni mlaji wa siki, usishangae meza nzima ikicheka.